Paka wangu ana kisukari: naweza kumchoma insulini ya mama?

Washauri wa mifugo,

Assalaam aleikum. Mimi ni msomaji wenu wa hapa Tanga mjini, mtaa wa Makorora. Nina paka dume anaitwa Sultani, ana miaka 10, alihasiwa tangu mdogo. Siku zote amekuwa mnene, mwaka jana alifika kilo 6 na nusu. Tangu Ramadhani ilipokwisha ameanza kunywa maji kupita kiasi. Bakuli lake likikauka anakwenda kulamba ndoo ya bafuni. Anakojoa mpaka mchanga wake unakuwa tope, na sisimizi wanajaa kwenye sinia lake la choo. Kula anakula, tena zaidi ya zamani, lakini mgongo umebaki mifupa. Leo ana kilo 5.1. Wiki iliyopita miguu ya nyuma ikalegea, sasa anatembea kwa visigino kama sungura.

Daktari wa mifugo amempima damu, sukari ikasoma 22 (mmol/L), na kwenye mkojo kuna sukari nyingi. Ameandika insulini ya glargine, yuniti 1 asubuhi na yuniti 1 jioni, akanionyesha mara moja namna ya kuchoma. Nilipokuwa pale nilielewa. Nimefika nyumbani nimejaa maswali.

Mama yangu mzazi naye ana kisukari. Kwenye friji kuna Mixtard yake na mabomba yake ya sindano ya mililita 1. Je, siwezi kumchoma Sultani hiyo hiyo? Glargine ni ghali. Umeme ukikatika nifanyeje? Mpaka sasa chakula chake ni wali au ugali na samaki wa mchuzi, na punje za chakula cha paka za dukani nikiwa na hela. Jirani mmoja ananiambia nimnyweshe maji ya mlonge, mwingine anasema nimvunjie vidonge vya mama. Siku akigoma kula nimchome au nisimchome? Na je, atachomwa hivi maisha yake yote? Nisisahau: kwa miaka miwili alikuwa akipigwa sindano ya muwasho kila baada ya miezi miwili kwa sababu ya viroboto. Sijui kama ina uhusiano.

Mwenye Sultani, Makorora


JIBU

Waaleikum salaam, dada yetu.

Mixtard ya mama usimchome. Tunalitanguliza hili kwa sababu ndilo linaloweza kumuua paka wako wiki hii. Mixtard ni mchanganyiko: asilimia 30 ni insulini ya haraka na asilimia 70 ni ya muda wa kati. Mwili wa paka huimaliza insulini upesi kuliko wa binadamu, kwa hiyo sukari huporomoka saa chache za mwanzo, kisha mchana dawa inakwisha na sukari inapanda tena mpaka jioni. Unapata hatari bila kupata tiba. Glargine inafanya kazi kwa namna nyingine. Ndani ya kichupa ni maji yenye asidi. Ikiingia chini ya ngozi inageuka chembe ndogo zinazoyeyuka polepole, ndiyo maana inashikilia karibu saa 12 kwa paka. Kwa sababu hiyo hiyo usiichanganye na insulini nyingine wala usiiongeze maji ili iwe rahisi kupima. Ukifanya hivyo umeharibu ule utaratibu wake wote.

Kuhusu bei, angalia ukubwa wa kichupa kabla ya kununua. Cha mililita 10 kina yuniti 1,000, na Sultani anatumia 2 kwa siku; sehemu kubwa itaharibika kabla hujaifikia. Ulizia famasi zinazouza moja moja kalamu za insulini au katriji zake (vichupa vinavyoingia ndani ya kalamu) za mililita 3, zenye yuniti 300. Kiwandani wanaandika kwamba ikishafunguliwa itumike siku 28. Madaktari wengi wa paka huiruhusu kwa miezi kadhaa ikikaa kwenye friji muda wote, maadamu imebaki angavu kama maji. Ikianza ukungu, nyuzi au rangi, tupa bila huruma. Dozi usiichome kwa kalamu yenyewe, kwa sababu kalamu nyingi hazipimi nusu yuniti. Ivute kwa bomba la sindano kupitia mpira wa katriji, na usisukume hewa ndani yake.

Tukija kwenye mabomba, hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Bomba la mama la mililita 1 lina alama kila baada ya yuniti 2. Yuniti 1 inaangukia katikati ya mistari miwili, na kwa jicho la alfajiri hiyo 1 inaweza kuwa 2, yaani dozi mara mbili. Tafuta bomba la mililita 0.3, lile la yuniti 30, na kama utapata lenye alama za nusu yuniti, chukua hilo. Soma ubavuni iwe imeandikwa U-100. Kifuniko chake kwa kawaida ni cha rangi ya chungwa. Kuna insulini ya wanyama ya U-40, na mabomba yake huwa na kifuniko chekundu. Ukiivuta glargine kwa bomba la U-40, alama ya 1 inakupa yuniti 2 na nusu. Ndugu akikuletea mabomba kutoka Dar au Nairobi, soma kwanza.

Yuniti 1 ni sehemu moja ya mia ya mililita. Ni tone dogo mno, na povu moja la hewa linaweza kuchukua nafasi ya dozi nzima. Vuta kidogo zaidi ya unachohitaji, sindano ikitazama juu gonga bomba kwa kucha mpaka povu lipande, kisha rudisha mpaka kwenye mstari. Lisome usawa wa jicho, karibu na dirisha au taa.

Kuchoma kwenyewe ni kwepesi kuliko unavyoogopa. Mwekee chakula kwanza. Akishaanza kula, shika ngozi ya ubavuni kwa vidole viwili uinyanyue iwe kama hema, ingiza sindano kwenye mlango wa hilo hema ikiwa sambamba na mwili, sukuma, hesabu mpaka tano, toa. Watu wamezoea kuchoma ukosini, lakini ngozi ya hapo ni nene. Ubavu ni bora, leo kulia kesho kushoto, ukihama kidogo kila siku ili pasiote uvimbe. Ukimaliza pitisha kidole kwenye manyoya. Yakiwa yamelowa, au sindano imetokea upande wa pili, maana yake dawa imemwagika nje, yote au sehemu. Usirudie. Hata kama una hakika hakupata kitu, subiri dozi ya jioni.

Tunalisisitiza hilo kwa sababu ndiyo kanuni inayobeba kila kitu kwenye ugonjwa huu: sukari kubwa humdhuru paka kwa wiki na miezi, sukari ndogo humuua kwa saa. Ukiwa na shaka yoyote, ruka. Dozi moja iliyorukwa haina madhara makubwa. Dozi moja iliyorudiwa inaweza kuwa ya mwisho. Na hili hutokea kwenye nyumba zenye watu wanaompenda paka: wewe umechoma, mdogo wako hajui, naye anachoma. Bandika kalenda juu ya friji, na anayechoma aweke tiki kabla hajaweka bomba chini.

Chagua saa mbili zinazopishana kwa saa 12, mathalani saa 1 asubuhi na saa 1 jioni. Wapo wanaofuata adhana ya Magharibi, na kwa pwani yetu haihami sana mwaka mzima, lakini simu yenye kengele ni salama zaidi. Ukichelewa kwa saa moja, choma tu, kisha rudi kwenye ratiba kwa kusogeza nusu saa kila mara. Ukichelewa zaidi ya saa mbili au tatu, mpe chakula, dozi iache, endelea na inayofuata kwa wakati wake.

Akigoma kula, usichome. Kwa dozi kubwa madaktari hushauri nusu, lakini nusu ya yuniti 1 haipimiki kwa uhakika bila bomba lenye alama za nusu. Asipokula milo miwili mfululizo, au akitapika, mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo. Paka asiyekula siku chache huingiwa na mafuta kwenye ini, na mwenye kisukari anaweza kupata sumu za ketoni kwenye damu. Dalili za ketoni ni kunyong'onyea, kutapika, kupumua kwa kasi na pumzi yenye harufu ya dawa ya kufutia rangi ya kucha. Hiyo haisubiri kesho. Famasi huuza stripu za mkojo zinazopima sukari na ketoni pamoja. Nunua kopo moja uweke ndani. Kukinga mkojo wa paka si kazi kubwa: akishachuchumaa, mpitishie upawa chini yake kwa nyuma, taratibu, bila kumgusa. Chovya stripu, usome kwa sekunde zilizoandikwa kwenye kopo.

Sasa dharura yenyewe, ambayo lazima kila mtu mzima wa nyumba hiyo aijue. Sukari ikishuka mno paka huwa mnyonge ghafla, au anakuwa na njaa ya kupindukia, anapepesuka, macho yanaduwaa, misuli inaruka, mwisho degedege na kuzimia. Mara nyingi huwa kati ya saa 3 na 8 baada ya sindano, lakini inaweza kuwa wakati wowote. Kama bado anameza, mpe chakula papo hapo, chochote, hata wali. Kama amelegea, chukua asali au glukosi ya unga iliyolowekwa kwa maji kidogo, kiasi cha kijiko cha chai, umpake kwenye fizi na ndani ya shavu. Usimmiminie mdomoni, itaingia mapafuni. Akiwa kwenye degedege usitie kidole katikati ya meno. Paka fizi za pembeni. Akizinduka mpe chakula, pima kila dakika 15 hadi 30, na piga simu kwa daktari hata kama anaonekana mzima, kwa sababu glargine bado inafanya kazi chini ya ngozi na asali inakwisha upesi. Chupa ya asali ikae mahali pamoja, karibu na mabomba.

Kupima nyumbani ndiko kutakakokupa amani. Mkitaka kujua kwa nini, tazameni hiyo 22 ya kliniki. Paka mzima aliyetulia huwa kati ya 4 na 7 hivi, lakini hofu ya kikapu, bajaji na mikono ya mgeni inaweza kumpandisha kupita 15 bila kuwa na ugonjwa wowote. Kwa Sultani hatuna wasiwasi na jibu la daktari, maana sukari huanza kumwagika kwenye mkojo wa paka damu ikifika 15 hivi, na dalili zote ulizotaja zipo, pamoja na hao sisimizi. Lakini kupanga dozi kwa kipimo cha kliniki peke yake ni kupanga kwa hofu ya paka.

Mashine ya mama ya kupimia sukari inafaa, mradi sindano za kutobolea ziwe zake mwenyewe Sultani. Fahamu tu kwamba mashine za binadamu humsomea paka chini ya kiwango chake halisi. Kwenye damu ya binadamu karibu asilimia 42 ya sukari imo ndani ya chembe nyekundu. Kwa paka karibu yote imo kwenye maji ya damu, na hesabu ya mashine haikutengenezwa kwa hilo. Ikisoma 4 huenda ukweli ni 5 na kitu. Hakuna ubaya, kosa limeelekea upande wa usalama. Tumia mashine moja siku zote, usilinganishe ya mama na ya jirani. Kopo la stripu lifungwe mara tu unapotoa moja, maana unyevu wa Tanga unaziharibu na zinaanza kusoma ovyo.

Damu inatoka kwenye ukingo wa sikio. Pasha sikio joto kwanza kwa kitambaa kilicholowekwa maji ya vuguvugu ndani ya mfuko wa plastiki, dakika moja au mbili. Sikio la baridi halitoi kitu. Paka vazelini nyembamba sana ukingoni ili damu isitawanyike kwenye manyoya bali ikusanyike tone. Weka pamba nyuma ya sikio, toboa kati ya ukingo na kile kimshipa kinachopita pembeni, sogeza stripu iguse tone. Bana kwa pamba nusu dakika. Kisha mpe kipande cha kuku wa kuchemsha, kila mara, hapo hapo. Wengi wao baada ya siku chache husogea wenyewe wakisikia kopo la stripu likifunguliwa.

Wiki za mwanzo pima kabla ya kila sindano na mara moja katikati, saa 6 baada ya dozi ya asubuhi. Kabla ya sindano ikisoma chini ya 11, usichome mpaka uongee na daktari. Ikisoma chini ya 3.5 wakati wowote, hata kama anatembea vizuri, hiyo ni dharura: chakula, asali, simu. Wiki ya pili, siku ya mapumziko, pima kila saa 2 kuanzia kabla ya sindano ya asubuhi mpaka ya jioni. Unachotafuta ni namba ya chini kabisa iangukie kati ya 5 na 8, na nyingine nyingi zisipite 15. Daktari ataongeza au kupunguza kwa nusu yuniti, na dozi mpya inahitaji kama wiki moja kabla ya kuihukumu. Usipandishe kwa sababu siku moja imesoma 20. Hilo tumeliona likiwaponza wengi: leo 1, kesho 2, keshokutwa 3, na siku ya nne paka hainuki.

Friji. Insulini ikae nyuzi 2 hadi 8, rafu ya katikati, mbali na sehemu ya barafu, kwa sababu ikiganda imekufa hata ikiyeyuka. Umeme ukikatika kwa saa chache, usifungue friji, basi. Ukikatika kutwa, weka kichupa ndani ya chupa pana ya chai yenye vipande vya barafu vilivyofungwa kwa taulo, insulini isiguse barafu. Pasipo barafu, chungu cha udongo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga uliolowa, juu kitambaa kibichi, kikae kivulini penye upepo. Hewa yetu ya pwani ina unyevu, chungu hakitashusha joto sana kama kule Dodoma, lakini kitaiweka chini ya nyuzi 30, na hapo glargine inavumilia. Kinachoiua ni dirisha lenye jua, dashibodi ya gari na mfuko wa suruali.

Chakula sasa, na hapa tuna mengi ya kusema kwa sababu ndipo utakapopunguza insulini. Paka ameumbwa kula nyama. Wanga mwingi humpandisha sukari naye hana njia nzuri ya kuushughulikia. Wali na ugali viondoke. Lakini si kesho! Ukivitoa ghafla huku unachoma dozi ile ile, sukari inaweza kuporomoka. Punguza kwa siku 7 hadi 10, huku unapima.

Punje za dukani nazo hazifanywi salama na picha ya samaki kwenye mfuko. Soma nyuma: toa kwenye 100 protini, mafuta, nyuzinyuzi, maji na majivu; kinachobaki ni wanga. Chukua mfano wa protini 32, mafuta 12, nyuzinyuzi 3, maji 8, majivu 8. Kinachobaki ni 37. Zidisha wanga na protini kwa 3.5, mafuta kwa 8.5, jumlisha, uone wanga unachangia kiasi gani: hapo ni karibu asilimia 38 ya nguvu yote. Kwa paka mwenye kisukari tunataka isizidi 12 hivi. Chakula cha kopo cha paka, kile kilichosagwa laini na si vipande kwenye mchuzi mzito, mara nyingi kinakaa humo, na kimekamilika kwa vitamini. Kama unaweza kumudu hata nusu ya mlo wake kiwe hicho, fanya hivyo.

Nusu nyingine itoke sokoni. Kwa paka wa kilo 5, kama angekula cha nyumbani tupu, ni gramu 150 hivi za kuku wa kuchemsha bila ngozi, au gramu 200 za samaki wa nyama nyeupe aliyetolewa miiba, kwa siku nzima, ukigawa mara mbili. Changu, au mwingine yeyote wa nyama nyeupe aliye na bei nzuri pale soko la samaki la Deep Sea. Chemsha bila chumvi na bila kitunguu. Kitunguu na kitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu ya paka, kwa hiyo ule mchuzi wenu, hata ukiwa umebaki kidogo, usimpe. Samaki mbichi wa jamii ya dagaa wana kimeng'enya kinachokula vitamini B1; moto hukiua, basi pika. Dagaa wakavu wa chumvi walowekwe na maji yamwagwe. Ongeza moyo wa kuku kila siku, mmoja au miwili, kwa ajili ya taurini ambayo paka akiikosa moyo wake na macho yake huharibika. Na kwa kuwa taurini huvuja kwenye maji ya kuchemshia, mpe na supu yake. Kwa kila nusu kilo ya nyama isiyo na mifupa tia nusu kijiko cha chai cha ganda la yai lililokaushwa na kusagwa unga. Ini kidogo mara moja kwa wiki, isizidi.

Fedha zisipotosha kwa vyote, nunua stripu za damu kabla ya chakula cha kopo.

Ile sindano ya muwasho, dada yetu, ina uhusiano mkubwa. Nyingi ya sindano hizo ni steroidi, dawa ya kutuliza muwasho na uvimbe, ya kukaa muda mrefu. Steroidi huzuia insulini isifanye kazi, na kwa paka dume, mnene, aliyehasiwa, mwenye miaka 10, ni kumsukuma aliyekuwa amesimama ukingoni. Mwambie daktari wako tarehe ya mwisho aliyochomwa, maana jinsi dawa ile inavyoisha mwilini, haja ya insulini nayo inaweza kushuka ndani ya wiki chache, na dozi iliyokuwa sawa ikawa kubwa. Asichomwe tena. Kama kuna msomaji ambaye paka wake yuko kwenye vidonge vya steroidi vya kila siku, huyo asiviache ghafla. Vipunguzwe na daktari. Viroboto vitibiwe kwa dawa ya paka. Dawa za mbwa zenye permethrin zinaua paka, hata zikipakwa kidogo.

Vidonge vya mama: hapana. Metformin haimsaidii paka, na glibenclamide juu ya insulini inaweza kumwangusha. Utasikia pia kuna dawa za kunywa za kisukari za paka. Ni kweli, Marekani ziliidhinishwa mwaka 2022 na 2023, lakini hazikukusudiwa paka aliyekwisha kuanzishiwa insulini na zinataka ketoni zipimwe kwa karibu. Mlonge hatuna ubaya nao kwenye sufuria ya mboga. Kwa Sultani, hakuna kipimo chake unachoweza kukiamini, na sukari ikishuka hutajua ni insulini au ni mlonge. Zaidi ya hapo, paka anayeshikwa kwa nguvu na kunyweshwa kitu kichungu hususa chakula, na umeona kususa chakula kunatupeleka wapi.

Miguu ya nyuma ni mishipa ya fahamu iliyoumizwa na sukari. Huanza kurudi sukari ikitulia, kwa wiki kadhaa hadi miezi. Kwa sasa mtandikie mkeka sakafuni asiteleze, na sinia la mchanga liwe na ukingo mfupi. Maji asinyimwe kamwe, hata kama anakojoa kila kona, ukimnyima anakauka. Yapime tu: jaza chupa ya lita moja asubuhi, mimina kwenye bakuli kutoka humo, kesho yake angalia kilichobaki. Kwa uzito wake, zaidi ya nusu lita kwa siku ni nyingi mno, na akianza kula chakula cha majimaji mategemeo ni maji anayokunywa yashuke chini ya robo lita. Uzito mpime kila wiki: panda mizani ukiwa umembeba, panda bila yeye, toa.

Sindano zilizotumika zisiingie kwenye taka za mtaa. Weka kwenye dumu gumu la plastiki lenye kifuniko, likijaa peleka kituo cha afya, uliza pa kulikabidhi.

Je, atachomwa maisha yote? Si lazima. Paka wengine, hasa walioanza insulini mapema, wakabadilishiwa chakula, na waliopata kisukari kwa sababu ya steroidi, hufika mahali kongosho linaamka na insulini haihitajiki tena. Nafasi ni kubwa zaidi kwenye miezi 6 ya kwanza. Utaijua kwa namba: kabla ya sindano inasoma chini ya 11 siku baada ya siku, mkojo hauna sukari, dozi inashuka mpaka nusu yuniti na bado sukari iko chini. Hapo daktari ndiye atakayesimamisha, na baada ya kusimamisha pima kila siku kwa wiki mbili, kisha kila wiki, kisha kila mwezi, maana kinaweza kurudi.

Ukirudi kliniki baada ya wiki mbili, nenda na daftari lenye tarehe, saa, sukari, chakula alichomaliza, dozi na uzito, pamoja na video fupi ya anavyotembea. Omba amtazame meno na apeleke mkojo maabara kuangalia wadudu, kwa sababu jino bovu na maambukizi ya kibofu hufanya insulini isishike, na watu huongeza dozi wakidhani dawa ni dhaifu. Maabara ikiweza kupima fructosamine, ipimwe: inaonyesha wastani wa sukari wa wiki moja hadi tatu zilizopita, na hofu ya safari ya siku ile haiibadilishi.